Jani Nililolisoma Vibaya

Mzee Nizar tulimzika Jumanne moja ya mwezi uliopita, huko Mississauga, kando ya Toronto, na baada ya mazishi watu wakarudi nyumbani kwake kunywa chai. Sebule ilikuwa imejaa, kwa hiyo mimi nilikaa kwenye ngazi za kupandia ghorofani, kikombe mkononi, na binti yake Farzana akaja kuketi ngazi moja chini yangu. Mimi na Farzana tunakaribiana umri, sote tumevuka hamsini. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa wengi waliokulia hapa, akichanganya na Kiswahili kidogo cha nyumbani kwao: “Resti, wewe ulifanya kazi na Papa. Kwa nini aliacha kazi ghafla mwaka ule? Mama alituambia ni moyo. Mimi sikuamini.” Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na lilipofika sikuwa na haja ya kutafuta maneno. Nilimweleza pale pale kwenye ngazi, watu wakitupita na sahani zao, mpaka chai yangu ikapoa kabisa. Halafu akasema niyaandike, kwa sababu wanawe nao wameshaanza kuuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani.

Nilikotoka na walionilea nitawaacha kando. Mwaka ninaousimulia ulianza kwangu mwezi wa Mei, nilipopata kazi katika maabara ndogo ya magonjwa ya mimea kule Downsview. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Jengo letu lilikuwa katikati ya ghala la magodoro na karakana ya madirisha, na ukivuka barabara tu unaingia kwenye nyumba za watu, zenye vibaraza na baiskeli za watoto. Ndani tulikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kupokelea, chenye friji tatu na meza ndefu ya bati. Cha pili kilikuwa cha kusomea, chenye hadubini nne na dirisha moja lililotazama uwanja wa malori. Majani yalikuja kwa gari la vifurushi kila asubuhi, yakiwa kwenye mifuko ya karatasi, yamefungwa kwa magazeti, na kila mfuko una karatasi ya jina la mkulima, jina la shamba na siku yalipochumwa. Kazi yetu ilikuwa kulitazama jani, kusema linaumwa nini, na kumwambia mkulima apige dawa au asipige.

Mengi ya majani hayo yalikuwa ya viazisukari, kutoka mashamba ya kusini-magharibi mwa jimbo, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona kiazisukari. Natoka Kagera, na kwetu sukari ni muwa, basi. Siku ya kwanza Mzee Nizar alinionyesha picha ya mzizi mweupe, mnene, umechafuka udongo, nikafikiri ananitania. Yeye alikulia nje ya Kisumu, jirani na kiwanda cha sukari guru, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wahindi wa Kisumu, kisichohangaika sana na ngeli. “Hata mimi ilicheka,” aliniambia. “Sukari iko ndani ya mzizi, kama karoti nono. Lakini jani ndiyo inapika. Jani ikikufa, mzizi inakula akiba yake kutengeneza jani mpya. Mkulima anachimba kitu kubwa, tamu hakuna.” Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi aliitikia marahaba huku akicheka, kwa sababu Kisumu hawakumzoesha. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mwembamba, amevaa sweta ya kijani hata wakati wa joto, na ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kutia saini ripoti.

Habari ya kupiga dawa haikuwa ngeni kwangu. Nilikua naona mibuni ikipulizwa mrututu, majani yakibaki na rangi ya bluu kwa wiki nzima. Lakini Mzee Nizar alinifundisha kwamba dawa ya majani haitibu jani lililokwisha kufa. Inalikinga lililo zima. Ukichelewa siku kumi wakati wa joto na umande mzito, umepuliza takataka. Ukipuliza bila sababu, umemwaga hela ya mkulima na kuufundisha ugonjwa kuizoea dawa. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kulijua doa. Kwenye viazisukari tulikuwa na madoa mawili yanayofanana sana. La kwanza ni la ukungu: la mviringo, la rangi ya majivu, lenye ukingo wa zambarau, na likikomaa, ukilitazama kwa lenzi, katikati yake kuna nukta nyeusi ndogo ndogo, kama pilipili manga iliyosagwa. Hilo ndilo linaloua shamba, na hilo lina dawa. La pili ni la bakteria: halina umbo maalumu, ukingo wake mweusi, na katikati hakuna nukta. Huja baada ya mvua ya mawe, dawa ya ukungu hailiwezi, na mara nyingi mmea hukua ukaliacha nyuma. Shida ni kwamba doa changa la ukungu bado halina nukta. Ndiyo maana kila jani lenye utata lilitakiwa kulazwa siku mbili kwenye boksi la plastiki lenye karatasi mbichi. Kama ni ukungu, utaota. Tulikuwa na daftari la boksi, na kila jani lililoingia liliandikwa mstari wake.

Nilikuwa napanga chumba Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, kwa nesi Mkenya aliyeitwa Kerubo. Alinizidi miaka minane na nilimwita dada. Sebule yake ilikuwa na kochi moja kubwa la kahawia, televisheni isiyozimwa, na meza ya kulia iliyokuwa pia meza ya kupigia pasi. Tulipika kwa zamu. Zamu yake ilikuwa ugali na sukuma na nyama ya kukaanga, na zamu yangu ndizi, kila nilipozipata mbichi kwenye duka la Wajamaika chini ya jengo letu. Kerubo alikuwa akizungumza kwenye simu akiwa anasonga ugali, mwiko mkono mmoja, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu maisha ya watu wetu mjini Toronto nilikipata kwa kumsikiliza akiongea na wenzake: nani amepata karatasi, nani amenyimwa, nani ameambiwa arudi na mtoto amezaliwa hapa. Kibali changu cha kazi kilikuwa kimeandikwa jina la mwajiri, na kilikuwa kinaisha Desemba. Kerubo aliijua tarehe hiyo kuliko mimi. “Wewe fanya kazi, nyamaza, uwe mzuri,” alikuwa akiniambia. “Hiyo barua ya kurenew ikishatoka, utaongea vile unataka.”

Katikati ya Julai ilinyesha mvua ya mawe kusini kule, na kwa wiki mbili mifuko ilikuja kwa makumi. Mwenzetu wa tatu alikuwa likizo. Nilifungua mfuko baada ya mfuko, na kila nilichokitazama kilikuwa bakteria, bakteria, bakteria, majani yaliyochanwa na mawe na madoa yenye kingo nyeusi. Macho yangu yakazoea jibu hilo. Maboksi yote yalikuwa yamejaa. Alhamisi moja, mchana, nilifungua mfuko wa mkulima aliyeitwa Wim, na ndani kulikuwa na majani sita kutoka shamba lake la magharibi. Madoa yalikuwa machache na madogo. Nakumbuka vizuri kwamba mawili yalikuwa ya mviringo. Nakumbuka nikiyaona hivyo. Nikajiambia ni bakteria changa, nikaandika: bakteria, usipige dawa, tazama tena baada ya wiki mbili. Nikapeleka karatasi mezani kwa Mzee Nizar, aliyekuwa na simu sikioni na mkulima mwingine akimlalamikia. Aliifunika simu kwa kiganja. “Hii iliingia boksi?” aliniuliza. Nikasema, “Ndiyo, Mzee.” Akatia saini, akarudi kwenye simu. Kwa neno hilo moja nilimdanganya mtu aliyekuwa akinigawia muhogo wake wa kukaanga kila mchana. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mfuko huo uondoke mezani. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, sijaipata.

Wim alipiga simu siku kumi na nane baadaye. Simu ilikuwa na spika kwa sababu Mzee Nizar alikuwa anasikia vibaya sikio la kushoto, kwa hiyo niliyasikia yote. Hakupiga kelele. Alisema shamba la magharibi limekuwa la kahawia, kwamba ukisimama barabarani unaona kama limechomwa moto, na kwamba amelitazama jani kwa kioo cha baba yake cha kusomea gazeti na ameona nukta nyeusi. “Mliniambia bakteria,” alisema. Mzee Nizar alimwomba anwani, ingawa alikuwa nayo, ili apate muda wa kuvuta pumzi. Akakata simu, akaenda kwenye rafu, akalichukua daftari la boksi, akalifungua mwezi wa Julai. Alisoma ukurasa ule kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akalirudisha rafuni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na friji. “Kesho saa kumi na moja alfajiri,” aliniambia bila kunitazama. “Tunakwenda wote.”

Barabara ya kwenda huko ni moja tu, pana, iliyonyooka. Tulipofika, Wim alikuwa anatusubiri mlangoni pa ghala la mashine, mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, amevaa kofia ya kampuni ya mbegu. Mkewe aliitwa Corrie. Tuliingia shambani moja kwa moja. Majani ya viazisukari, yakiwa mazima, yanafika magotini na yanang'aa. Haya yalikuwa yamelala juu ya udongo kama karatasi za kufungia vitumbua zilizolowa mafuta. Katikati ya kila mmea kulikuwa na majani mapya manne au matano, ya kijani kibichi, madogo, na nilijua kila moja limetengenezwa kwa sukari iliyokuwa imeshawekwa. Nilichuma jani moja, nikatoa lenzi. Nukta zilikuwepo, nyingi, hazikuhitaji boksi. Wim alisimama kando yangu. “Dawa nilikuwa nayo,” alisema. “Iko ghalani. Pipa lilikuwa limejaa maji, trekta ina mafuta. Nilikuwa tayari asubuhi ile, nikaipata ripoti yenu, nikazima trekta.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Corrie alitupikia. Hilo halikunijia akilini kabla, kwamba watu tuliowaharibia wangetuwekea sahani. Jiko lao lilikuwa na meza ya mbao iliyopigwa msasa mpaka ikawa nyeupe, dirisha lililotazama shamba lile lile, na saa ya ukutani iliyokuwa mbele dakika kumi kwa makusudi. Tulikula viazi vya kuchemsha, maharage mabichi yenye siagi, na nyama iliyokatwa nyembamba. Mzee Nizar hakuigusa nyama. Alisubiri mpaka Corrie naye aketi, akaweka uma chini, akasema: “Tumekosea. Jani lilikuwa na ukungu, maabara yetu ikasema bakteria. Saini ni yangu. Nimekuja kukwambia uso kwa uso.” Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote mezani. Nilikuwa na kiazi mdomoni, na nilikitafuna muda mrefu. Wim alimtazama mkewe. Halafu akauliza, “Sasa tufanye nini?” Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana yake, Mzee Nizar alinigeukia. “Huyu atakwambia,” alisema. “Huyu anajua.”

Nikamwambia. Apige dawa leo, joto la mchana likishapungua, akinge yale majani mapya. Asitumie ile aliyotumia mwaka uliopita, achukue ya kundi lingine na aichanganye na ya shaba, ukungu usije ukazoea. Aongeze maji kwenye pipa na apunguze mwendo wa trekta, ili matone yafike majani ya chini, kwa sababu ugonjwa unaanzia chini na watu wengi wanapuliza juu tu. Kisha arudie baada ya siku kumi, na tena baada ya kumi nyingine, akibadilisha dawa kila mara. Shamba lake la pili, la mashariki, lililokuwa bado la kijani, lilikuwa na madoa mapya machache kwenye mistari ya pembeni. Hilo lilikuwa bado linaokoleka. Wim aliandika yote nyuma ya bahasha. Alipomaliza akasema, “Nani atakuja kulitazama?” Nikasema mimi. Sikumuuliza Mzee Nizar, wala mkurugenzi wetu.

Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Septemba tulikwenda kila Ijumaa, kwa gari la Mzee Nizar. Nilitembea mistari ya shamba la mashariki, nikihesabu madoa kwenye majani, soksi zimelowa umande mpaka ngozi, na Wim alikuwa akipita nyuma yangu. Wiki ya tatu aliniuliza kama kwetu kuna viazisukari. Wiki ya tano alinifundisha kuendesha ile trekta ya kupigia dawa, mabawa yake yamekunjuliwa pande zote mbili, na nilipofika mwisho wa mstari alinionyesha kwa mkono nigeuze taratibu. Majani ya mashariki yalibaki kijani mpaka baridi ilipoanza. Ndani ya gari, Mzee Nizar alinieleza habari za Kisumu, za mvuke wa kiwanda cha sukari guru, na jinsi mama yake alivyowakataza kwenda kule kwa sababu ya nyuki. Alizungumza na mimi kwa adabu ile ile. Lakini muhogo aliacha kunigawia. Alikula mwenyewe, kwenye kona yake, na mimi nilikula kwenye yangu, na hakuna aliyelitaja daftari.

Oktoba waling'oa. Shamba la mashariki lilitoa sukari kama kawaida. La magharibi lilitoa mizizi mikubwa, na ilipopimwa kiwandani ikaonekana utamu wake umeshuka sana. Wim alinipigia simu mwenyewe kunieleza, akasema alikuwa anafikiria kuacha viazisukari, lakini ataendelea mwaka mmoja zaidi kwa sababu ya lile la mashariki. Yeye hakutushtaki popote. Ni watu wa kiwandani walioandika barua, wakitaka kujua kwa nini mkulima mwenye dawa ghalani hakuipiga. Basi Novemba, mkurugenzi wetu alituita ofisini kwake, mimi na Mzee Nizar. Alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye haki kwa kadiri nilivyomjua. Ripoti ilikuwa mezani mbele yake, na kando yake, niliiona, ilikuwa barua yangu ya kibali, imeshachapwa, haijatiwa saini. Akauliza, “Nani aliyesoma jani hili?”

Nimekaa katika ofisi nyingi tangu siku ile, na nimejifunza kwamba kimya cha ofisini si kirefu kama kinavyosikika. Labda zilipita sekunde kumi. Mikono yangu ilikuwa mapajani na niliitazama. Nilifikiria barua ile. Nilimfikiria Kerubo na mwiko wake. Nilisubiri mtu mwingine aseme, na mtu mwingine mle ndani alikuwa mmoja tu. Mzee Nizar akasema, “Saini ni yangu.” Mkurugenzi akasema hakuuliza saini. Mzee Nizar akarudia, “Ripoti ikiwa na saini yangu, mimi ndiye nimeisoma.” Mkurugenzi alinitazama, akangoja kidogo, kisha akaandika. Ilipofika Krismasi Mzee Nizar alikuwa ameondoka. Walisema amestaafu. Tulikula keki kwenye chumba cha kupokelea, juu ya meza ya bati, na akatushukuru mmoja mmoja kwa mkono. Barua yangu ilikuwa imeshatoka wiki tatu kabla.

Nilimweleza Kerubo usiku wa mwaka mpya, tukiwa tumekaa kwenye kochi na sahani za pilau magotini. Nilitegemea aninyamazie. Alipunguza sauti ya televisheni. “Sasa unataka nini? Uende useme?” aliniuliza. “Ukirudishwa nyumbani, huyo mzee atapata nini? Kazi yake itarudi?” Nikasema haitarudi. “Basi unajisafisha tu. Hiyo si ya huyo mzee, ni yako.” Nikamwambia labda ni yangu, lakini siwezi kuingia tena kwenye chumba kile cha hadubini bila kumwona pale. Kerubo alimaliza pilau yake. Baadaye akasema, “Mimi singeenda. Lakini mimi si wewe. Kwanza nenda umwone mwenyewe. Usianze na bosi.”

Nilikwenda Mississauga Jumamosi ya kwanza ya Januari, mabasi matatu, theluji ikiwa imerundikwa kando ya njia kufikia kiunoni. Mkewe alinifungulia mlango, akanikaribisha kwa furaha, akaenda jikoni. Mzee Nizar alikuwa sebuleni na sweta yake ya kijani. Nilimwamkia, akaitikia, safari hii bila kucheka. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, kwamba jani lile halikuingia kwenye boksi, nilimdanganya, na ofisini nilinyamaza nikamwacha abebe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ndani ya mabasi yote matatu, na yalikwisha upesi.

“Mimi najua haikuingia boksi,” alisema. “Niliangalia daftari. Wewe uliniona nikiangalia.”

“Nilikuona, Mzee.”

“Karibu miezi miwili kila Ijumaa tunakwenda na gari. Kwenda saa tatu, kurudi saa tatu. Mimi nangoja. Nasema leo atasema. Leo atasema.” Aliinua mkono, akaushusha kwenye goti. “Usifikiri mimi mtu mzuri sana. Nilikasirika na wewe. Bado iko hasira. Ile siku ofisini, mimi ningesema saini ni yangu, hata kama wewe umesema. Saini ni yangu kweli, niliweka bila kuangalia daftari. Lakini nilitaka kusikia wewe ukisema. Hiyo tu nilitaka.”

Nikasema, “Nisamehe, Mzee.”

“Mimi siyo mtu wa kuambiwa,” alisema. “Mimi najua tayari. Yule mama wa ofisini ndiye hajui.” Mkewe akaingia na chai na vitafunwa, na tukazungumza habari za theluji kwa nusu saa. Mzee Nizar aliponisindikiza mlangoni hakusema nirudi.

Jumatatu nilimngoja mkurugenzi nje ya ofisi yake kabla hajavua koti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nilichokiona kwenye lile jani, nilichokiandika, nilichoulizwa na nilichojibu. Alikaa. Aliniuliza kwa nini namwambia sasa, wakati mzee ameshaondoka na barua yangu imeshatoka. Nikamwambia ni kwa sababu faili lina uongo ndani yake, na ni wangu. Akauliza nataka afanye nini. Nikasema aandike. Alinitazama muda mrefu kuliko zile sekunde za Novemba, kisha akalitoa faili, akaandika nusu ukurasa kwa mkono, akanigeuzia nisaini. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimeshamwambia Kerubo atafute mpangaji mwingine. Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye hadubini msimu mzima. Nilifungua mifuko, nikaosha vyombo vya kioo, nikajaza daftari la boksi kwa niaba ya wengine, na ilipita miaka minne kabla sijaruhusiwa kutia saini ripoti. Kwa Mzee Nizar alipeleka barua, akimwomba arudi. Mzee alikataa, kwa maneno ya heshima, akasema barabara imemchosha. Nadhani ilikuwa kweli, na nadhani haikuwa kweli yote. Hicho sikukirekebisha, na hakirekebishiki. Ndivyo nilivyomwambia Farzana kwenye ngazi: moyo wa baba yake ulikuwa mzima, kazi aliiacha kwa ajili yangu.

Jumatatu ile ile, wakati wa chakula cha mchana, nilimpigia simu Mzee Nizar kutoka chumba cha kupokelea. Nilisema, “Mzee, nimemwambia. Ameandika.” Nikasikia redio, nikasikia mkewe akiuliza ni nani, naye akamjibu kwa Kigujarati, maneno mengi kidogo, na katikati yake nikalisikia jina langu. Kisha akarudi kwenye simu. Aliuliza mkurugenzi alisemaje, nikamweleza habari ya kuosha vyombo. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. “Jumapili kuja,” alisema. “Kula huku.”

Nilikwenda. Nilikaa upande wa dirisha, tukala wali na kuku wa nazi, na Mzee Nizar alinihoji juu ya mabomba ya kupigia dawa ya Wim, kama ameshabadilisha pua za kunyunyizia zilizochakaa, na kama ameshaagiza dawa za makundi mawili au bado anabahatisha na moja. Nilipomaliza sahani yangu nilitaka kusimama nikaioshe. Mkewe aliichukua mkononi mwangu, akaijaza tena bila kuniuliza, akairudisha mbele yangu.